Mjumbe Aliyekwisha Kuzikwa

Swali la kumi na moja katika fomu ya upekuzi lilikuwa fupi: je, umewahi kutumia au kuitwa jina jingine tofauti na hayo hapo juu? Nafasi ya jibu ilikuwa mstari mmoja.

Restituta Amedeus alikaa na fomu hiyo siku tatu katika chumba alichopanga Ifakara. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa amefaulu usaili wa kuandika uliofanyika Dodoma, ambako watu elfu mbili na mia tatu waligombea nafasi kumi na nne za maofisa wa mambo ya nje. Alikuwa amefaulu pia usaili wa mahojiano, mbele ya watu watano waliokaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha bluu. Kilichobaki ni serikali kujiridhisha kwamba huyu anayetaka kuisemea nje ya nchi ni nani hasa.

Siku ya tatu aliandika: "Ndiyo. Bibiana. Jina hilo lilizikwa Aprili 2002."

Halafu akaikata sentensi ya mwisho kwa mstari mmoja wa kalamu. Bado ilisomeka.

Kaburi lenyewe lipo. Liko nyuma ya nyumba ya bibi yake mzaa mama, Margareta, katika kijiji kimoja upande wa Mngeta, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea milima ya Udzungwa. Msalaba wake wa mbao umebadilishwa mara tatu kwa sababu ya mchwa. Juu ya kaburi umesimama mgomba.

Aprili ile mvua zilikuwa zimelijaza bonde. Oliva, mama yake Restituta, mjane, alikuwa akirudi kwa mtumbwi kutoka shamba la mpunga pamoja na mtoto wake wa pekee, Bibiana, wa miaka minne. Mtumbwi ulipinduka kwenye matete. Mwili wa Oliva ulipatikana siku ya pili. Wa mtoto haukupatikana. Baada ya wiki mbili za kutafuta, ukoo ulifanya kile ambacho umekuwa ukifanya kwa kila mtu wake aliyechukuliwa na maji: ulizika mgomba badala yake, ili aliyepotea apate pa kulala na waliobaki wapate pa kulilia.

Kwa mtu mzima hukatwa gogo la urefu wake. Kwa mtoto wa miaka minne kila gogo lilikuwa nene mno. Teofili, kaka yake Oliva, alikwenda migombani akachagua chipukizi lililomfika kiunoni. Panga hakulitumia. Udongo ulikuwa umelowa, akalivuta kwa mikono miwili, likatoka zima na mizizi yake. Wanawake wakalivalisha gauni la Krismasi la Bibiana, wakalifunga sanda, katekista akasali. Shimo halikuwa refu kwenda chini, kwa sababu kila walipochimba maji yalijaa.

"Mimi ni mkulima," anasema Teofili, ambaye sasa ana miaka sitini na moja. "Najua kabisa kitu chenye mizizi ukikifukia hujakizika, umekipanda. Lakini siku ile nani alikuwa na akili ya kilimo?"

Asubuhi moja mwanzoni mwa Juni, Margareta alikwenda kung'oa majani kaburini akakuta jani limechomoza, limejiviringisha, la kijani kibichi, refu kama kidole. Hakumwambia mtu. Siku mbili baadaye, saa sita mchana, mfugaji wa Kisukuma aitwaye Mashimba alisimama mbele ya nyumba akiwa amembeba mtoto wa kike begani.

Maelezo ya Mashimba hayajabadilika tangu siku hiyo. Alimkuta mtoto juu ya matete yaliyolala, asubuhi, akiwa peke yake. Maji yaliizingira kambi yake ya ng'ombe kwa zaidi ya mwezi, na hakukuwa na njia ya kutoka. Mke wake alimnywesha maziwa, akamnyoa nywele kwa sababu ya homa. Maji yalipopungua, alitembea kijiji hadi kijiji akiuliza nani amepoteza mtoto. "Jina lake sikulijua," anasema. "Nilimwuliza kila siku. Hakulisema."

Mtoto hakulia. Margareta alipomsalimu hakujibu. Mashimba alipomsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", alijibu.

Wapo waliosema ni yeye. Wapo waliosema Mungu amewapa mtoto mwingine, wa kwao bado yuko majini. Bibiana alikuwa na kovu la moto kwenye goti la kushoto. Mtoto huyu goti la kushoto lilikuwa na jeraha bichi la kuchunwa na matete, mahali palepale, na lilipopona liliacha kovu lake lenyewe. Hakuna aliyeweza kusema chini yake kulikuwa na nini.

Margareta hakubishana na mtu. Aliagiza ukuta wa nyuma wa nyumba utobolewe, mtoto akapitishwa pale kama mzaliwa mpya, akaoshwa, tundu likazibwa kwa udongo siku hiyohiyo. Akapewa jina la Restituta. Padri alikataa kumbatiza mara ya pili, akasema jina hilo atalichukua kwenye kipaimara, na ndivyo ilivyokuwa. Jina la Bibiana lilibaki kwa mwenye kaburi. Amri ya Margareta ilikuwa moja: asiwepo wa kumwita mtoto huyu kwa jina lile, na likiitwa, kwa sauti yoyote na kutoka upande wowote, asiitike.

Kaburi halikuchimbuliwa. Mgomba ulikua. Ulizaa, ukaanguka, chipukizi likashika nafasi yake, na hivyo hivyo miaka yote. Ndizi zake hazijawahi kuliwa. Huiva, huanguka, na hata kuku hawazigusi, ingawa Teofili anasema kuku hawazigusi kwa sababu Margareta huwarushia mawe.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfikisha Restituta Dodoma. Kila kiangazi ng'ombe waliingia kwenye mpunga, na kila kiangazi wakulima na wafugaji walitafuta mtu wa kwenda upande wa pili kuongea kabla watu hawajaokota fimbo. Wanaume waliogopa kwenda. Restituta alipofika miaka tisa, mwenyekiti wa kijiji alimwomba kwa Margareta. Mtoto alikuwa na Kisukuma kidogo alichotoka nacho kambini. Lakini sababu haikuwa hiyo peke yake.

"Wahenga walisema mjumbe hauawi," anasema Teofili. "Sasa mjumbe ambaye amekwisha kufa, utamfanya nini?"

Alikwenda na kurudi kwa miguu, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye majaruba ya mpunga. Watu waliokuwa wakipiga mluzi kufukuza ndege walinyamaza alipopita, wakaanza tena alipofika mbali. Pande zote mbili zilimpa kigoda. Pande zote mbili hazikumpa kitu mkono kwa mkono: kikombe kiliwekwa chini, akakiokota mwenyewe. Alijifunza kuyapeleka maneno kama alivyopewa, bila kuongeza na bila kupunguza, na kwa mpangilio uleule. Alijifunza kwamba mtu akitukana, tusi lifikishwe kama hasira bila maneno yake. Kwa miaka minane hakuna aliyejeruhiwa kwenye mashamba ya kijiji hicho. Baadhi ya watu walimshukuru. Hakuna aliyemgusa.

Sekondari alisoma Ifakara, shule ya masista. Huko alisikia kwamba kazi aliyokuwa akiifanya inasomewa. Alichukua shahada ya uhusiano wa kimataifa, akasoma Kifaransa jioni, akakaa mtaani miaka miwili bila ajira akiwafundisha watoto wa wenye maduka. Kijijini habari ilipokelewa kwa njia yake.

"Eti Resti, ni kweli unasomea ubalozi?" aliuliza Viktor, kiongozi wa nyumba kumi, siku moja akimkuta kisimani.

"Kweli, baba."

"Miaka mitatu chuoni? Mimi hapa ni balozi wa nyumba kumi, na la saba sikumaliza! Ungekuja tu nikufundishe bure. Mimi hata kugombanisha naweza."

Wanawake walicheka. Restituta naye alicheka. Viktor aliweka ndoo yake chini ili Restituta aiokote na kumsaidia kuchota, na hakujua kwamba amefanya hivyo.

Afisa wa upekuzi alijitambulisha kwa jina moja, Gosbert. Alifika kijijini Jumanne moja ya Juni, bila taarifa, na bahasha ya kaki mkononi. Alipita nyumba saba akiuliza maswali yaleyale. Katika nyumba nne aliambiwa Restituta ni mjukuu wa Margareta. Katika tatu aliambiwa mjukuu wa Margareta amelala nyuma ya nyumba. Nyumba ya nane ilikuwa ya Margareta mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa benki?"

"Hapana bibi, natoka serikalini. Nimekuja kumwulizia Restituta."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anaomba kazi. Nataka kujua tu, huyu Restituta ndiye mtoto aliyebatizwa Bibiana mwaka tisini na nane?"

Margareta, kwa maelezo ya Teofili aliyekuwepo, aliendelea kupepeta mpunga mpaka ungo ukaisha.

"Restituta ni mjukuu wangu," alisema.

"Na Bibiana?"

"Wewe kijana una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Basi usitaje watu usiowajua nyumbani kwa watu."

Gosbert aliomba kuliona kaburi. Alisimama mbele yake kwa dakika chache. Mgomba ulikuwa na mkungu uliokomaa, umeinamia upande wa nyumba. Hakuandika kitu. Alipoondoka alimwomba Teofili maji ya kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote.

Ijumaa alimwita Restituta kwenye ofisi moja Ifakara, akamweleza bila kuzunguka. Cheti cha kuzaliwa kilitolewa akiwa kidato cha nne, kwa maelezo ya bibi. Cheti cha ubatizo kina jina la mtoto ambaye kijiji kizima kilimzika. Katikati yao kuna mfugaji aliyeokota mtoto asiyejua ni wa nani. "Nchi haiwezi kumtuma nje mtu ambaye haijui alikotoka," alisema. "Mimi sisemi wewe siye. Nasema sina mtu wa damu yako aliyesema ndiye." Alimpa siku kumi na nne. Alihitaji maelezo ya ndugu wa damu aliyekuwepo kabla na baada, yaliyowekwa alama mbele yake, pamoja na hati ya kiapo ya kuunganisha majina yote mawili. Teofili hakutosha: aliandika kwa mkono wake kwamba siku mtoto aliporudishwa alikuwa Mlimba akipakia mchele kwenye treni, akamkuta amekwisha kunyolewa, kuoshwa na kuvalishwa. Yasipopatikana, jalada litafungwa, na mtu wa kumi na tano kwenye orodha ataitwa.

Restituta alipanda gari kwenda Mngeta siku hiyohiyo.

Siku mbili za kwanza hakuomba kitu. Alipepeta, alianua, alianika. Siku ya tatu, mchana, wakiwa wamekaa kwenye turubai katikati ya mpunga, alisema:

"Bibi, mimi ni nani?"

"Ni mjukuu wangu."

"Yupi?"

"Nilikuwa naye mmoja tu."

"Basi liseme jina mbele ya yule bwana."

Margareta alichota mpunga kwa kiganja, akaumwaga. "Jina lina mwenyewe. Mwenyewe analisikiliza. Miaka ishirini na mbili nimempelekea maji kila Jumamosi, nimesali naye kila Novemba, na hajanisumbua. Nikilitaja na wewe ukaitika, mtakuwa wawili kwa jina moja. Mmoja itabidi alale."

"Ni mgomba, bibi."

"Naujua mgomba. Nimeipanda mingi. Ule siujui."

Restituta anasema kwamba hapo ndipo alipoacha kuwa mjukuu na kuanza kufanya kazi. Hakuuliza tena kama imani ile ni kweli. Aliuliza bibi anaogopa nini hasa, kitu kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akiwauliza wafugaji. Je, ni kulitaja kwa mdomo? Ndiyo. Je, kulionyesha kwa kidole kwenye karatasi? Margareta alifikiri. Kidole hakina sauti. Je, hapa nyumbani? Hapana, kamwe. Je, ng'ambo ya reli, kwenye ofisi ya kata? Labda, milango ikifungwa. Kisha bibi naye akauliza: na wewe utaitika? Siitiki. Hata ukiitwa na mwenye bunduki? Siitiki, bibi.

"Usiitike ukiwa ndani ya bonde hili," alisema Margareta mwishoni. "Ukivuka huko kwa watu wako wa Dodoma, siwezi kukufuata. Huko utajua mwenyewe."

Maelezo ya bibi aliyaandika Restituta mwenyewe, sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mwili wa mtoto haukupatikana na kilichozikwa ni mgomba. Ya pili ilisema kwamba mtoto aliyerudishwa Juni ndiye aliyeondoka Aprili. Hakukuwa na jina ndani ya sentensi yoyote.

Siku ya kumi na moja walikutana kwenye ofisi ya kata. Gosbert alisoma, akasoma tena. Alisema hayatoshi bila jina. Restituta aliweka cheti cha ubatizo mezani. Margareta alichovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini ya maelezo. Kisha, bila kupangusa, akalipeleka kwenye cheti akalibandika juu ya jina lililoandikwa pale, na kutoka hapo akalipeleka kwenye paji la uso la Restituta. Alama ya wino ilibaki. Gosbert aliitazama kwa muda, halafu akapiga mhuri.

Bibi na mjukuu walitoka, wakafika barabarani. Hewa ilikuwa imetulia, saa saba mchana, hakuna jani lililotikisika. Nyuma yao sauti ya mwanamume iliita, si kwa nguvu:

"Bibiana!"

Margareta alimshika mjukuu wake mkono. Restituta alihesabu hatua. Anasema zilikuwa kumi na tisa kabla sauti haijaita tena, na safari hii ilikuwa karibu zaidi. Alijua vizuri kilichokuwa kikipimwa. Mtu anayeitwa kwa jina lake hugeuka. Asipogeuka, basi pengine si lake, na jalada bado liko mkononi mwa anayeita. Aliendelea kutembea.

Gosbert aliwafikia kwenye kivuko cha reli, akihema.

"Nilikuita."

"Nilisikia."

"Mbona hukuitika?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Restituta alimwonyesha bibi yake kwa macho. Gosbert alifungua bahasha papo hapo, akaandika mstari mmoja pembeni ya ukurasa, akaifunga. Hajawahi kusema aliandika nini.

"Lakini mara ya kwanza," Restituta alimwuliza, "uliita ukiwa umesimama wapi?"

"Niliita mara moja tu," alisema Gosbert. "Hapo nyuma, pale barabara inapokuwa nyembamba."

Margareta alimvuta mjukuu wake mkono, wakavuka reli.

Barua ilifika Septemba. Restituta alitakiwa kuripoti Dodoma na waajiriwa wenzake kumi na watatu kwa mafunzo ya awali. Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, ofisa alisimama mbele ya ukumbi na orodha na kuanza kuita. Wengine walijibu "nipo". Jina la tisa lilikuwa kama lilivyoandikwa kwenye hati ya kiapo iliyounganisha majina yake mawili.

"Bibiana Restituta Amedeus."

Alikuwa amejiandaa kusema "nipo". Kilichotoka ni "abee", kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyeitwa jikoni. Waliokaa karibu walicheka. Alicheka nao, akaandikwa.

Saa nne kasoro dakika tano simu yake iliwaka. Alitoka nje ya ukumbi. Alikuwa Teofili.

"Resti, mambo ya huko? Salama? Ah, hapa kidogo tu. Ule mgomba umelala."

"Kuna upepo, mjomba?"

"Upepo uko wapi, mwezi wa tisa. Umeoza chini, basi. Ulikuwa na mkungu mzito. Vitu vya kawaida. Nimetafuta chipukizi, nijue lipi la kuacha. Safari hii hakuna. Nimechimba kidogo kwa jembe. Hakuna hata mzizi. Bibi huyu hapa, anataka kukusemesha."

Simu ikahamia kwa Margareta. Hakusalimu.

"Wamekuita?"

"Wameniita, bibi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

Kutoka upande wa pili zilisikika sauti za kuku, na panga la Teofili likikata majani.

"Umeitika?"

"Nimeitika."

"Vizuri," alisema Margareta. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za mtu wa mbali: "Na aliyeitika ni yupi?"

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Ofisa alitoa kichwa nje, akaangalia kushoto na kulia, akasema waajiriwa waingie, kiapo cha kutunza siri kinaanza, simu zizimwe. Restituta aliizima. Aliingia, akakaa, akapewa karatasi, na mahali palipoachwa kwa ajili ya jina aliandika yote mawili.